Kofia ya Mkono wa Kushoto

Baba aliipokea kofia, akaipapasa ukingo mzima kwa kidole gumba. Macho yake hayaoni tena, lakini ujana wake wote alishona kofia kule kijijini Ambanoro.

"Ramlati, mizunguko hii inakwenda kinyume. Umeifuma kwa mkono gani?"

Adhana ya Ijumaa ilikuwa imeanza hapo mtaani kwetu Tsaramandroso. Kwa miezi minne nilikuwa nikienda darasa la jioni la kufuma kroshia, mimi mtu mzima wa miaka arobaini. Mwalimu wetu, bibi wa Kifaransa, alinikalisha mbele yake, nikamfuata kama ninayejitazama kwenye kioo. Kila mzunguko niliuanza kwa bismillahi. Baba sikumwambia.

Nilimwomba Mungu anipe uongo mdogo. Hakunipa.

"Wa kushoto, baba."

"Mkono wa chooni! Na mimi nisujudu nikiwa nimeivaa?"

"Wa kulia umenishinda, baba. Nimejaribu."

"Nipe huo mkono."

Nikampa. Vidole vyake vilipanda hadi kwenye kifundo cha mkono, vikakutana na kovu la kamba aliyonifunga nayo nilipokuwa na miaka saba ili nizoee wa kulia, vikasimama hapo.

Adhana iliisha. Kofia ilikuwa bado mapajani mwake, naye hakuniachia.