Mchanga wa Pangani

Mashua iliyowatoa melini ilikuwa bado haijafungwa kamba pale Pangani, Namnyaki akawa ameshasimama, mtoto wa Bibi mgongoni, mguu mmoja juu ya ukingo.

"Kaa chini, mama wa bara," baharia alimwambia. "Hizo hereni peke yake zinatosha kutuzamisha."

Watu walicheka. Namnyaki hakucheka wala hakukaa. Tangu meli ing'oe nanga Tanga, Bibi, mke wa Mjerumani mwenye shamba la kahawa huko Meru, alikuwa akimwonyesha uzuri wa pwani: angalia minazi, angalia maji yanavyobadilika rangi. Daktari ndiye aliyemwamuru Bibi asafiri apate upepo wa bahari, na Bibi hangeweza kusafiri bila yaya. Namnyaki aliitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yake yakitafuta mji mmoja tu.

Mumewe, Lesikar, alichukuliwa masika ya mwaka juzi kubeba mizigo ya msafara. Wenzake waliporudi walisema amebaki Pangani, anapakua meli. Halafu kimya.

Tangu hapo shemeji yake, Lemburis, hakumpa pumziko. Alipita mlangoni pake akimhimiza azivue hereni. Kwao Waarusha, zile hereni kubwa za shaba ni za mke mwenye mume. Mume akifa mke huzivua, na yeye na ng'ombe huenda kwa ndugu wa marehemu. Lemburis alikuwa na wake wawili, na wote waliijua fimbo yake. Ng'ombe wenyewe ndio waliokuwa urithi pekee wa Loishiye, mtoto wa Namnyaki, ambaye hajaweza kuchunga hata ndama. Maadamu hereni zilikuwa masikioni, hakuna aliyekuwa na haki ya kugusa kitu.

Bibi alitaka kutembea kidogo aone mji. Akamwachia Namnyaki nafasi mpaka meli itakapopiga honi.

Aliuliza wachukuzi waliokuwa wakishusha magunia. Wengine walimpita kama hawakumsikia. Mmoja, mzee kidogo, alitua gunia lake.

"Yule mrefu asiyekula samaki?" alisema. "Tulimcheka sana. Njoo, si mbali."

Alimpeleka nyuma ya maghala mpaka kwenye mkorosho, akamwonyesha kwa kidole, kisha akajiondokea kwa adabu.

Namnyaki alikaa chini. Alimweleza Lesikar yote: Loishiye anavyomwiga kutembea, ng'ombe mwekundu alivyozaa, Lemburis anavyopita mlangoni. Alimlaumu kidogo, maana na yeye alikuwa na moyo. Nyumbani Lesikar hakuwahi kumwacha mtu amalize maneno yake. Safari hii alimsikiliza mpaka mwisho.

Honi ikalia. Namnyaki alichota mchanga wa pale kwa mkono, akautia kwenye kibuyu kidogo alichofunga kiunoni, akakimbia, mtoto akilia mgongoni.

Melini Bibi alimuuliza mchanga ni wa nini.

"Wa kusugulia shaba, Bibi."

Na kweli alikaa pale juu ya meli akizisugua hereni zake, akazisugua, mpaka zikawa zinaumiza macho juani. Walipofika Dar es Salaam, Bibi alistaajabia bandari na majumba meupe. Namnyaki aliulizia siku ya kurudi tu. Meli ilipowarudisha Tanga, kwenye treni ya kwenda Moshi hakulala, na gari la maksai lililowaleta Arusha aliliona kama limesimama. Mlima Meru ulipotoka mawinguni, aliomba ruhusa, akashuka akatembea.

Alifika kwao karibu na Ngaramtoni akakuta wazee wameketi mbele ya boma la Lemburis. Ng'ombe wa Lesikar walikuwa ndani ya zizi la Lemburis tayari. Namnyaki aliinamisha kichwa kuwasalimu, wazee wakamgusa utosini mmoja mmoja, hereni zikigongana mabegani.

"Shemeji," Lemburis alisema, "hata ng'ombe wamechoka kukungoja. Zivue tu, tumalize."

Namnyaki alimtazama usoni.

"Nimemkuta Lesikar," alisema. "Nimekaa naye mpaka meli ikaita. Sikumsikia akisema ng'ombe wake waje kulala kwako."

Wazee walitazamana. Mmoja alitaka kujua atarudi lini.

"Hakuniambia, baba."

Yule mzee aliguna, akasema safari za Wajerumani hazina mwisho unaojulikana, na mali ya mtu humngoja mwenyewe. Akamwambia Lemburis afungue zizi. Lemburis alizitazama zile hereni zilivyokuwa zikiwaka, akatema mate kando, akafungua.

Nkasiogi, mama yao Lesikar na Lemburis, alikuwa ameketi kando ya ukuta muda wote huo. Hakuuliza kama mwanawe amekonda. Hakuuliza anakula nini katika nchi ya samaki. Watu walipotawanyika alimshika Namnyaki mkono, akamwingiza ndani.

"Wamemzika mahali pakavu?" aliuliza.

Namnyaki alizibua kibuyu, akammiminia mchanga kiganjani.

Mama mkwe aliufumba mkono huo, akauweka kifuani, akakaa hivyo. Kisha kwa mkono wa pili akaishika hereni ya Namnyaki iliyokuwa imepinda, akaiweka sawa.

"Usizivue," alisema.