Dua ya Bi Nungunungu

Alikuwako Bi Nungunungu, mjane mzee, na wanawe wawili wasioacha kugombana. Akaenda peke yake kuwaombea kwenye pango la mizimu, kwa njia ya milimani iliyokwisha kusahauliwa, akichechemea na kulala njaa.

"Wapatane tu," aliomba. "Kingine sitaki."

Aliporudi, wanawe walikuwa wamegawana shimo lake, nao wamekaa mlangoni bega kwa bega.

"Mama, tulijua umekufa. Tulikulilia," akasema mkubwa.

"Niko hai. Nipisheni niingie."

"Matanga tumeshaanua," akasema mdogo. "Nafasi hakuna."

Mkubwa akaitikia kwa kichwa, wala hakumbishia nduguye hata neno moja. Bi Nungunungu akatambua kuwa dua yake imepokewa. Akageuka, akaishika tena njia ya milimani.