Dakika Tisa Mbele ya Mlango

Hakuwa na shahada. Hakuwa na tai, hakuwa na kiti cha kuegemea, wala hakuwa na mtu ofisini wa kumtetea. Heshima alikuja nayo, lakini nayo ilimtoka wiki ya kwanza.

Kampuni ilitoa filamu za zamani za Ulaya, zile zinazoitwa za sanaa, katika diski za kutazamia nyumbani. Kazi ya mkaguzi ilikuwa kuitazama kila filamu mwanzo hadi mwisho kabla diski hazijatolewa kwa wingi, na kuandika mahali ilipokwaruza au kuganda. Filamu yake ya kwanza ilikuwa na mwanamke anayetazama nje ya dirisha kwa dakika sita nzima. Mkaguzi aliandika kwa wino mwekundu: "Imeganda. Irudishwe."

Ofisi nzima ilicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo jina lake likawa Kaganda.

"Mzee," meneja alimwambia akijifuta macho, kisha akaacha kucheka. "Ile ni sanaa. Ukinirudishia nyingine kwa sababu kama hiyo, ondoka nayo moja kwa moja."

Kwa hiyo ilipokuja filamu ya bwana mwenye kofia, Kaganda alikuwa amejiandaa. Bwana yule alisimama mbele ya mlango uliofungwa, akainua mkono abishe hodi. Mkono ukabaki hewani. Dakika moja. Tatu. Tano. Sauti nayo kimya. Kaganda alikunja mikono kifuani, akakaza macho kama mtu aliyesoma. Dakika ya tisa mkono ulishuka, mlango ukagongwa, filamu ikaendelea.

Aliandika "Safi kabisa," akagonga muhuri.

Diski elfu tano zilikuwa zimekwisha madukani ndipo alipoliona kabatini kasha la mkanda wa asili. Urefu: dakika tisini na mbili. Diski yake ilikuwa na dakika mia moja na moja. Alitoa hesabu ile mara tatu, na kila mara ilibaki tisa.

"Safari hii imeganda kweli," alimwambia mkewe mezani.

"Kamwambie meneja."

"Anifukuze?"

"Basi nyamaza, baba watoto. Nani atajua?"

Hakuna aliyejua, ila kila mtu alikuwa na la kusema. Gazeti liliandika kwamba mkono ule ni binadamu wa leo. Mhadhiri mmoja alizifundisha zile dakika tisa kwa wiki tatu. Wapenzi wa filamu walikusanyika sebuleni, simu zimezimwa, na aliyekohoa alitolewa nje. Meneja akaanza kumtambulisha Kaganda kwa wageni: "Huyu ndiye mzee wetu mwenye jicho."

Kisha siku moja meneja alimjia mbio na diski mkononi.

"Mwongozaji wa filamu ile yuko hai! Ana miaka tisini na moja. Tunamtumia diski leo, atuandikie neno la toleo la pili. Funga kifurushi, mzee wangu, wewe ndiye mwenye mkono wa baraka."

Kaganda aliona giza. Mwenye filamu angeitazama, angeshika kalamu, na barua yake ingemfikia meneja. Afadhali ajisalimishe mwenyewe kwanza. Kwa Kiingereza cha darasa la jioni aliandika ukurasa mmoja: kwamba mashine iliganda, kwamba yeye ndiye aliyegonga muhuri, kwamba aliogopa kuchekwa tena, na kwamba anaomba radhi kwa kumsimamisha yule bwana mlangoni muda wote ule. Aliukunja mara nne, akauchomeka ndani ya kasha la diski.

Ng'ambo, katika chumba kidogo cha ghorofa ya nne, mwongozaji aliitazama diski mpaka mwisho. Aliisoma barua mara mbili. Kisha akavuta karatasi na kuandika polepole:

"Ndugu yangu, barua yako nimeichoma. Kwa miaka thelathini hakuna aliyekumbuka kwamba niko hai. Tangu diski yenu itoke, wasomi wanapanda ngazi zangu kila wiki kuniuliza wazo la ule mkono nililitoa wapi. Mimi sikuukumbuka hata kidogo, nikadhani ni uzee. Nimewaambia mkono ule ulinigharimu miezi miwili na ndoa moja. Tafadhali, usiniharibie. Na katika toleo la pili, kama mashine yenu itaweza, nifikishie ule mkono dakika kumi na mbili."

Aliilamba bahasha, akaibana kwa ngumi, akashika fimbo yake na kuteremka ghorofa zote nne kuitia mwenyewe katika sanduku la posta.