Weusi wa Vidole Vinne

Jirani yangu Jovina anadai betri ya pikapu yetu ilikufa miezi mitatu tu baada ya kununuliwa kwa sababu niliitumia kuchajia simu za kijiji kizima. Mikungu yetu ya ndizi imekatwa tangu jana kule Muleba, na bila gari itaivia chini.

Wiki iliyopita niliirudisha betri dukani Bukoba, pamoja na karatasi ya waranti ya mwaka mmoja. Leo muuzaji akanitolea nyingine kutoka stoo.

"Haya dada, mpya hiyo. Una bahati, wengine huwa tunawarudisha hivihivi."

Stika ilikuwa mpya kweli, inang'aa. Nikatazama kamba ya kubebea.

Siku ile ya kuirudisha nilikuwa nimetoka kumenya ndizi, mikono ina utomvu. Na sasa, kwenye kamba hii, kulikuwa na weusi wa vidole vinne. Nikashika. Vidole vyangu vikakaa palepale.

"Kaka, utomvu wa ndizi mnautoaje?"

Akacheka. "Ule hautoki, dada. Hata nguo unatupa."

"Basi naomba nyingine, iliyo bado ndani ya boksi."

Akaitazama kamba, kisha vidole vyangu.