Salamu za Mutie

Kadi ya tatu Kiilu aliiandika kwa mkono wa kushoto, ili watu wa redio wasijue ni yeye tena.

Majina ya marafiki yalikuwa yamekwisha. Ya mashemeji pia. Kila wiki alinunua kadi za salamu na kuzituma redioni Nairobi, zote zikiomba wimbo mmoja tu, wake mwenyewe. Fahali wa babake alikuwa ameuzwa ili aingie studio, na santuri alizorekodi zilikuwa zimelala dukani kwa Wahome, pale Mbumbuni, zinakula vumbi. Wimbo ukivuma redioni, alijiambia, santuri zitatoka tu.

Basi alipokosa jina jingine, akaandika la Mutie.

Yeye na Mutie walikua pamoja. Mutie alikwenda Mombasa kutafuta kazi, na mwaka wa nne sasa hakuna aliyesikia habari zake. "Mutie wa Changamwe, Mombasa, anawasalimia wazazi wake, Mbula na Kivuva, kule Mbumbuni." Jina ni jina tu, Kiilu alijitetea. La mtu asiyekuwepo litamuumiza nani?

Ole wake! Jumamosi hiyo mzee Kivuva, aliyepooza na kulala kitandani miaka yote hiyo, alisikia jina la mwanawe redioni akalia kwa furaha mpaka majirani wakaja mbio. Akaomba chai ya maziwa. Akaomba anyolewe ndevu. Mkewe Mbula alikaa na redio mapajani, anaitazama.

Kiilu aliapa kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Lakini wiki iliyofuata salamu hazikuja, na mzee akakataa kula. Afanyeje? Akaandika tena, na tena. Usingizi ukampaa. Akikutana na Mbula njiani, alijifanya anafunga kamba za viatu.

Na wimbo ulivuma kweli. Watoto waliuimba wakipeleka mbuzi mtoni. Harusini ulichezwa mpaka vumbi likatimka. Santuri hazikutoka hata moja.

"Watu wanaupata bure kwa redio, bwana," Wahome alimwambia akipangusa kaunta. "Wanunue wa nini? Hata wewe, kadi unazonunua hapa zinanipa faida kuliko huo wimbo." Kisha akakumbuka. "Lakini leo mama Mbula amekuja na pesa za kuku. Ameuza wote. Nimemfungia kitu chako, ametoka sasa hivi."

Kiilu akatoka mbio. Mbula hakuwa na gramafoni. Alikuwa ameuza kuku wake kununua santuri asiyoweza kuisikiliza, kwa sababu tu aliamini mtoto wake anaipenda. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

Alimkuta Mbula uani kwake, amekaa kwenye kigoda, kifurushi bapa cha gazeti kikiwa mikononi mwake.

"Mwaitu," alisema, akimwita kama mama yake mzazi, "rudisha hiyo santuri. Mutie hajaandika kitu. Ni mimi. Nimewatendea ubaya mkubwa, na sijui hata nikuombeje msamaha."

Mbula aligeuka haraka kutazama dirisha la chumba cha mumewe.

"Nyamaza, atakusikia!" alinong'ona. "Unafikiri sijui ni wewe? Nani mwingine angeupenda wimbo wako hivyo?"

Kiilu akachuchumaa karibu na kigoda chake.

"Mutie nilimzika mwenyewe, Mombasa, mwaka uleule alioondoka. Niliporudi nikamkuta babake amepooza. Ningemwambiaje?"

Akafungua gazeti taratibu. Ndani hamkuwa na santuri. Zilikuwa kadi za salamu, rundo zima, zote tupu.

"Wiki hii amsalimie babake kwanza," alisema, akimwekea Kiilu kadi mkononi. "Mzee analalamika kwamba mtoto anamtaja mwisho."