Swali la Pepo

"Jina lako nani, dada?" muuguzi alimuuliza Asnakech, akichuchumaa kando ya chemchemi ya maji matakatifu. "Kliniki kuna mtu wa kuzungumza nawe kila wiki, hata juu ya hizo sauti unazosikia. Ila ukubali kwa kinywa chako."

Mnyororo ulikuwa umemchubua Asnakech kifundo cha mguu. Hapa kuhani huliuliza jina pepo tu, na pepo likijibu, siku saba za kufungwa huanza upya. Leo ilikuwa ya sita.

"Nyamaza, mwanangu," mama yake alinong'ona. "Kesho unafunguliwa."

"Bubu huyo!" mgonjwa mmoja alicheka. "Muulize mpangaji aliye ndani yake!"

Muuguzi akafunga daftari.

"Jina langu Asnakech," alimwambia. "Nataka kuzungumza."

Nyuma yake kuhani aliinua msalaba.

"Pepo limesema!"