Mgeni wa Kanga

Kwii! Sauti moja ilisikika usiku, kisha kimya. Kulipokucha, kifaranga mmoja wa Kanga hakuwepo, na Kanga alisimama chini ya mti akiwaka hasira.

"We Tumbili! Unalala juu, unaona kote, na kinywa umekifunga!"

"Mimi?" Tumbili alifoka. "Nilimtuma Ninga akuonye giza lilipoingia, nikamtuma tena usiku ulipokolea. Muulize!"

Ninga ndiye aliyebeba habari kati ya wakaao juu ya mti na wakaao chini. Alikuwa ndege mwenye adabu kupita kiasi.

"Nilifikisha," alisema taratibu. "Nilisema mgeni anakuja."

"Mgeni!" Kanga alipiga mbawa. "Nami nikafagia mbele ya kiota nimpokee!"

"Bi Kanga, yule hatajwi usiku, ni mwiko. Nikatafuta neno lisilotisha."

"Nani alikuomba neno tamu?" Tumbili aling'aka. "Nilikupa habari uibebe, si uipike. Ikikushinda, rudi uniambie imekushinda, nitafute mwingine! Wewe ukanyamaza, nami nikalala nikijua imefika."

Kanga akawasogeza mbele vifaranga waliobaki, ambao mpaka saa ile hawakujua wamkimbie nani.

"Sasa ni mchana," alisema. "Watazame hawa machoni, umtaje."

Ninga aliinamisha shingo. Alitafuta neno jingine, hakulipata.

"Chatu," alisema.